Kalibu za Fikra na Damu ya Wasio na Hatia

Mada iliyotolewa kwa makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na wajumbe wa kamati za Haki na Amani



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya namna mwanadamu anavyopokea habari na kuzipa maana. Baadhi yenu mlipoiona mada hii katika ratiba mliniuliza kama haikuwa mada ya walimu wa vyuo vikuu. Jibu langu ni kwamba katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita swali hili limekuwa swali la uhai na kifo. Kikongwe ana macho mekundu. Mtoto wa jirani amefariki kwa homa ya siku mbili. Duara limechimbwa miezi sita bila kuonyesha dhahabu. Haya ni mambo yanayoonekana, na kila mtu anaweza kuyashuhudia. Lakini hakuna hata moja kati yake ambalo kwa lenyewe linamwambia mtu achukue panga usiku. Kinachomwambia hivyo ni maana aliyoyapa mambo hayo, na mara nyingi maana hiyo ilikuwa imekwisha kukaa kichwani mwake kabla jambo lenyewe halijatokea.

Ninyi nyote mmepata kufyatua matofali, au mmewaona vijana wakifyatua. Udongo unaletwa ukiwa hauna umbo. Unajazwa katika kalibu, unashindiliwa, na ule unaozidi unakwanguliwa juu kwa ubao na kutupwa pembeni. Kalibu inapoinuliwa, tofali linabaki na umbo lilelile la tofali la jana, hata kama udongo wa leo umetoka shimo jingine. Akili zetu nazo zina kalibu. Tangu utoto tumepewa namna za kupanga mambo: mgonjwa yukoje, mgeni yukoje, mwizi yukoje, mzungu yukoje, mchawi yukoje. Habari mpya inapoingia tunaitia katika kalibu tuliyo nayo. Kinachoingia tunakishindilia. Kisichoingia tunakikwangua na kukisahau, wala hatujui kwamba tumekikwangua.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Aliwapa watu wasome hadithi ya kale ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie tena baadaye, wengine baada ya muda mrefu. Walipoisimulia, mambo yaliyokuwa mageni kwao yalitoweka au yalibadilika. Mitumbwi ikawa mashua za kawaida, na watu waliokwenda kuwinda sili baharini wakawa wamekwenda kuvua samaki. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliirudisha hadithi kama alivyodhani ameisoma, lakini ilikuwa imepita katika kalibu ya Kiingereza. Bartlett alizipa kalibu hizo jina la skima. Sisi tuliopita seminari tulifundishwa jambo linalofanana na hilo kutoka kwa wanafalsafa wa Zama za Kati, kwamba kila kinachopokelewa hupokelewa kwa kadiri ya yule anayekipokea, kama vile maji yanavyochukua umbo la mtungi.

Naomba hapa tuelewane vizuri. Kuwa na kalibu si dhambi, wala si ujinga. Bila kalibu mtu asingeweza hata kuvuka barabara ya Kahama, maana angelazimika kujifunza upya kila gari ni nini. Mkulima anayetazama mawingu na kusema mvua itanyesha jioni anatumia kalibu, tena nzuri, iliyojengwa kwa mavuno mengi. Hatari inaanza pale kalibu inapopokea kila kitu bila kukataa lolote, na pale inapokuwa na uhai wa mtu ndani yake.

Tuanze na macho ya bibi.

Kwa nini bibi wa Usukuma ana macho mekundu? Kalibu inajibu upesi. Lakini fuateni moshi, ndugu zangu, nanyi mtafika katika historia ya ardhi yetu. Tangu miaka ya 1920 na kuendelea, misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba na malisho. Kuni zikawa adimu. Ndiyo maana mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kazi yake iliyojulikana zaidi ni kuwasaidia wananchi kuzirudisha ngitili zao. Pasipo kuni, akina mama walipikia mabua na samadi ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Mwanamke aliyeinama juu ya jiko la samadi tangu usichana wake hadi uzee amekaa ndani ya moshi miaka hamsini. Ongezeni juu yake ugonjwa wa trakoma, ambao hukunja kope ziingie ndani na kukwaruza jicho. Basi wekundu wa macho yale ni alama ya kazi. Ni kumbukumbu ya ugali wote aliowapikia watoto wake na wajukuu wake, na wakati mwingine ni mmoja wa wajukuu hao aliyeonyesha nyumba yake kwa wauaji.

Hesabu zake zinatisha. Uchunguzi uliofanywa na chama na serikali mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na takriban theluthi mbili ya wote waliuawa katika nchi ya Wasukuma. Marehemu hao hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Na msidhani kwamba mambo haya ni ya kale tu yaliyorithiwa kama yalivyo. Dk. Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mauaji hayo kwa miaka mingi, ameeleza jinsi kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kulivyochangia, kwani familia zilizozoea kukaa mbalimbali zilibanwa pamoja, na kila ugonjwa na kila wivu ukawa na jirani wa kutazamwa. Baadaye Sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo, mahali pengine waligeuka kuwasaka pia waliodhaniwa kuwa wachawi. Aidha, yatupasa tuseme wazi kwamba mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mjane anakalia ardhi ambayo wengine wanaitamani, na kalibu ya uchawi inampa mwenye tamaa lugha ya heshima ya kuisemea tamaa yake.

Sasa tazameni jinsi kalibu inavyojilinda. Bibi asipokuja msibani, watu husema: mmeona, anaogopa kukutana na kazi yake. Akija, husema: amekuja kuitazama kazi yake. Akilia sana, anajifanya. Asipolia, ana moyo mgumu. Akinyamaza anaposingiziwa, amekiri. Akikana kwa ukali, ni mkali kama walivyo wachawi. Naomba mnitafutie tendo moja tu ambalo bibi huyu anaweza kulifanya likamwondolea tuhuma. Halipo. Na imani ambayo hakuna jambo lolote linaloweza kuipinga haijathibitishwa hata siku moja, ingawa mwenye nayo anaona inathibitishwa kila siku.

Tena kuna jambo baya zaidi. Kalibu huanza kuzalisha udongo wake yenyewe. Bibi akinong'onwa kwa miaka miwili, atajitenga. Ataacha kwenda kisimani wakati wenzake wapo. Atatoka alfajiri au jioni, peke yake. Hatawasalimu watoto, maana akiwasalimu wanakimbia. Na watu watasema, bila kudanganya, kwamba wamemwona akitembea peke yake gizani. Ni kweli wamemwona. Wao ndio waliomtuma gizani.

Ndugu wapendwa, tuingie sasa katika ukanda wa dhahabu, maana huko kalibu hii imepata bei.

Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa wakati huo ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa kisasa ulianza mwaka 2000. Lakini maelfu ya ndugu zetu wako katika machimbo madogo, huko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko. Mtu asiyeishi huko hupenda kuwacheka wachimbaji kwa kuamini dawa. Mimi siwacheki. Fikirini hali yao. Maduara mawili yako hatua kumi tu. Wenye maduara wana umri mmoja, nguvu moja, na deni moja dukani. Mmoja anakutana na mwamba wenye dhahabu; mwingine anakutana na maji na mawe matupu, na ukuta unamwangukia kijana wake. Kampuni kubwa ina wataalamu wa miamba na mashine za kutoboa ardhi ili kujua mkanda wa dhahabu unaelekea wapi kabla ya kuchimba. Mchimbaji mdogo hana. Kwake yeye tofauti ya mashimo yale mawili haina sababu inayoonekana, na mwanadamu hawezi kukaa muda mrefu na jambo kubwa lisilo na sababu. Ndipo anaposikia juu ya nyota, mkosi na dawa.

Kisha angalieni jinsi ushahidi unavyokusanywa. Wachimbaji kumi wanakwenda kwa mganga. Mmoja anapata dhahabu. Huyo mmoja ananunua pikipiki, anawanywesha wenzake Katoro, na habari yake inafika hadi Kahama. Wale tisa wanarudi kwao kimya wakiwa na aibu na madeni. Nani anasimulia habari za tisa? Wale wachache wanaorudi kwa mganga kulalamika wanaambiwa kwamba walivunja mwiko, au dawa yao ilikosa kiungo chenye nguvu zaidi. Hivyo dawa haishindwi kamwe. Ikifaulu, imefaulu, isipofaulu, inadaiwa kiungo kingine. Ni kwa mlango huo huo, wa kiungo chenye nguvu zaidi, kwamba tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa walianza kuwindwa na kukatwa viungo.

Hapa kalibu ya zamani ilikutana na fedha mpya. Wazee walikuwa wakisema kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Usemi huo ulitoka wapi? Watu wenye ualbino wana upungufu wa melanini, ile rangi inayoikinga ngozi dhidi ya jua. Katika nchi yenye jua kama letu, wengi wao hupata saratani ya ngozi na kufariki wakiwa vijana. Wengine walifichwa ndani na familia zao tangu kuzaliwa. Kwa kuwa wao ni wachache, mwanakijiji angeweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja akifikia uzee au akizikwa. Jambo aliloliona lilikuwa kweli: hakuwaona wakizeeka. Lakini aliliweka katika kalibu ya mizimu badala ya kuliweka katika kalibu ya ugonjwa wa ngozi. Na kutoka kusema kwamba huyu si mtu kama sisi, hadi kusema kwamba kiungo chake kina nguvu zisizo za kibinadamu, ni hatua moja fupi. Baada ya mauaji kuanza, familia ziliwazika wapendwa wao kwa siri, wengine ndani ya nyumba na kusakafia juu kwa saruji, kwa hofu ya waibao mifupa. Nanyi mnaona matokeo yake: mazishi yakawa hayaonekani tena, na usemi ule wa kutoweka ukapata ushahidi mpya.

Mtoto mwenye ualbino anatokana na baba na mama wote wawili. Kila mmoja wao huwa amebeba kasoro ileile ndogo katika mbegu ya urithi, ingawa ngozi yake ni nyeusi na hana habari. Wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Maneno haya yanahitaji kusemwa katika semina za ndoa, tena na mkunga au mganga mkuu wa zahanati akiwepo, kwa sababu nyumba nyingi zimevunjika kwa baba kudai kwamba mkewe alizini na mzungu au alikutana na shetani.

Serikali ilichukua hatua. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2010 Salum Barwany, naye mwenye ualbino, alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Mimi nathamini sana tukio hilo la pili, kwa kuwa wapiga kura walilazimika kumsikiliza mtu akizungumza juu ya barabara na maji, na hakuna kalibu ya mizimu inayostahimili jambo hilo kwa muda mrefu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino kutoka Bukombe. Hata hivyo mauaji hayakukoma papo hapo. Mwaka 2015 mtoto mchanga wa Chato alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukapatikana umekatwa viungo.

Lakini isidhaniwe kwamba kalibu ziko vijijini tu, kwa watu wasiosoma. Mwaka 1976 wakuu wa dola walikuja Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji ya vikongwe. Nia yao ilikuwa njema. Wakakamata watu wengi, na miongoni mwa waliokamatwa wako walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya usalama. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mapema mwaka 1977 kubeba wajibu wa kisiasa kwa yale yaliyotendwa na walio chini yake. Waliotesa nao walikuwa na kalibu: aliyekamatwa ni mhalifu, akikana, ni sugu, sugu huhitaji kipigo, na akikiri baada ya kipigo, imethibitika. Linganisheni na yale tuliyosema juu ya bibi msibani. Ni kalibu ileile, imevaa sare.

Tena mwaka 2009 wananchi waliombwa waandike kwa siri majina ya waliowashuku kuhusika na mauaji ya wenye ualbino. Naelewa kwa nini ilifanyika, maana watu waliogopa kusema hadharani. Lakini sanduku la namna hiyo haliwezi kutofautisha kati ya aliyeona na aliyedhani. Sisi wa Haki na Amani yatupasa tuwe waangalifu sana kila tunapokusanya majina.

Na Kanisa je? Injili ya Yohane, sura ya 9, inatueleza juu ya wanafunzi waliomkuta mtu kipofu tangu kuzaliwa. Hawakumwuliza Bwana kama kuna aliyetenda dhambi. Waliuliza ni nani aliyetenda: mtu huyo au wazazi wake. Kalibu ilikuwa imekwisha kujaza sehemu kubwa ya jibu. Ilibaki nafasi ya jina tu. Yesu hakuchagua jina. Alilikataa swali lenyewe, kisha akainama akatengeneza tope. Endeleeni kuisoma sura hiyo hadi mwisho, muone jinsi wenye elimu walivyomhoji mtu aliyeponywa, na jinsi walivyomfukuza aliposhikilia lile alilolijua kwa hakika.

Swali la nyumba zetu za msiba ni lilelile: ni nani? Mtoto amekufa, ni nani? Katekista anayefika akahubiri kwamba uchawi haupo, kisha akaondoka, ameliacha swali palepale, na jioni watakwenda kwa mpiga ramli ambaye anawapa jina. Nimeona kwamba maelezo ya kwanza kuingia ndani ya nyumba ndiyo yanayokaa. Kwa hiyo naomba jumuiya ifike mapema, siku ya kwanza, kabla ya ramli. Waje na mtu wa zahanati aeleze kwa lugha ya nyumbani mtoto alikufa kwa nini: malaria iliyopanda kichwani, kuhara kulikomaliza maji ya mwili, nimonia. Kisukuma kitumike pale Kiswahili kinapokuwa kizito kwa wazee. Na mtu akisema kwamba fulani alionekana, aulizwe kwa upole: nani alimwona, saa ngapi, akifanya nini? Mara nyingi mtagundua kwamba kila mmoja alisikia kwa mwenzake. Pale ambapo kuna kitisho dhidi ya uhai wa mtu, jambo hilo si la majadiliano ya jumuiya tena. Ni la polisi, siku hiyo hiyo.

Kuhusu maneno, acheni kabisa kuita watu zeruzeru, na mkisikia vijana wa machimboni wakimwita mtu dili, wakemeeni hapo hapo. Anayeitwa bidhaa mdomoni amekwisha kuwekewa bei. Na kwa wachimbaji wetu, anzeni daftari. Nililisema hili katika kigango kimoja wakacheka, lakini wanajaribu: kila mwenye duara anaandika alichimba wapi, kina gani, alipata nini, na kama alitumia dawa au hakutumia. Wale tisa wanaorudi kimya nao waandikwe.

Baada ya chai mtagawanyika kwa vigango. Kila kigango kipange zamu ya kuwatembelea wajane wazee wanaoishi peke yao: nani atakwenda Jumatano, nani Jumamosi, nani atawasindikiza kanisani na kuketi nao benchi moja mbele ya watu wote. Zamu hiyo isiandikwe ubaoni wala isisomwe katika matangazo. Ibaki kwa mwenyekiti wa jumuiya na mama mmoja wa WAWATA. Mahali ambapo fedha za kamati zinatosha, anzeni na dirisha la jikoni na jiko linalopunguza moshi kwa bibi mmoja, kisha kwa mwingine. Fundi wa majiko atakuwa hapa saa nane.